Msindikizaji wa Njia ya Ruvu

Nimejaribu mara nyingi kumweleza mama huyu kwa watu wasiomjua, na kila mara naishia njiani. Nikimaliza kusema jambo moja juu yake nakumbuka jingine linalolipinga. Nikisema alikuwa mkali, nakumbuka alivyonifunika kanga yake mpya nilipougua homa, yeye akalala na kipande cha gunia. Nikisema alikuwa mcha Mungu, nakumbuka kuku wa tambiko aliyemtia mchuzi wa nazi. Nikisema alikuwa mkweli, hapo ndipo ninapokwama kabisa.

Watu wa Dutumi walimwita Msindikizaji. Mimi nilimwita mama, kwa kuwa nilikuwa mke wa mwanawe. Mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki ya kuendelea kumwita hivyo baada ya yote yaliyotokea, wala kama nilikuwa na haki ya kuacha.

Kusindikiza ni kazi ya kila mtu. Mgeni akiaga unatoka naye, unambebea mzigo kidogo, mnazungumza mawili matatu, unarudi. Lakini kwa mama huyu kusindikiza kulikuwa kama cheo. Mtu wa upande wetu aliyekuwa na safari ya kweli, si ya kwenda shamba bali ya kwenda Dar es Salaam au Morogoro au kokote kwa kulala, alipita kwanza uani kwake asubuhi. Alimkuta amekwisha kuswali, kajifunga kanga kiunoni, kata ya maji mkononi. Hakuuliza kitu. Alitangulia, msafiri akafuata, wakaenda mpaka kwenye kichuguu kikubwa ambapo njia iligawanyika, moja ikielekea stesheni ya Ruvu na nyingine ikielekea Mlandizi, kwenye lami. Hapo alimnyunyizia msafiri maji miguuni, akasoma Fatiha, akageuka na kurudi bila kuaga. Ilikuwa lazima ageuke yeye kwanza. Alisema msafiri akigeuka kwanza ataacha macho yake nyuma, na safari ya mtu asiye na macho sote tunaijua.

Masharti yake yalikuwa mengi, na mimi niliyekaa naye nyumba moja niliyapata yote, kama mtu aliyekaa karibu na chungu anavyopata mvuke. Msafiri akisahau kitu haitwi. Unamkimbilia, unampa, hufungui kinywa. Akirudi mwenyewe, basi akae chini, anywe maji, aanze upya. Nyumba aliyotoka haifagiliwi mpaka jua lizame, la sivyo umemfagia pamoja na taka. Ukijikwaa dole la mguu wa kushoto, rudi ulale, safari haipo. Na usimuulize mtu anakwenda wapi. Ulitakiwa useme tu, "Umeamka, mwenzangu," halafu anayetaka kueleza ataeleza.

Sharti kubwa kuliko yote lilikuwa hili: mtu aliye hai hatajiwi njia. Huwezi kumwambia msafiri, "Ukifika pale shika kulia, halafu vuka kijito." Unamwonyesha kwa mkono, au kwa mdomo kwa kuubenua, au unampeleka. Siku moja alikuja bwana shamba mgeni, kijana wa mjini mwenye suruali pana, akauliza njia ya kwenda Gwata. Watu watano walikuwa wamekaa, wote wakabenua midomo. Kijana wa watu akaondoka kwa hasira, akaenda kusema kwamba watu wa Dutumi wana dharau. Hatukuwa na dharau. Tulikuwa tunamtakia maisha marefu.

Sababu ya sharti hilo ilikuwa maiti. Mtu wetu akifia hospitali, au akifia ugenini, mwili unaporudishwa ni lazima uwe na mtu wa kuutajia njia. Kwa upande wetu mtu huyo alikuwa Msindikizaji. Alipanda nyuma ya lori pamoja na jeneza, na kila penye njia panda aligonga ubao dereva asimame. Kisha aliinama na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti aliyotumia kuniambia niongeze chumvi: "Hapa tunaacha lami. Tunashika kushoto. Twende nyumbani." Lori likaondoka. Penye daraja alisema, "Hapa tunavuka maji, usiogope." Nilimuuliza siku moja kwa nini. Akanitazama kama niliyeuliza kwa nini watu wanakula.

"Maiti amefumbwa macho," alisema. "Ataionaje njia? Usipomwambia atabaki kwenye njia panda, na mkiwa mnapita jioni atawauliza nyinyi."

Kwa hiyo kila mtu kwetu, hata mtoto, alijua kwamba anayetajiwa njia kwa sauti ni maiti peke yake. Kumtajia aliye hai ni kumchuria kifo. Naomba jambo hili likumbukwe, kwa kuwa maisha yangu yaligeuka hapo.

Shehe wetu hakupenda mambo ya kata ya maji na kichuguu. Aliyasema waziwazi msikitini, kwamba msafiri anayo dua yake na inamtosha. Msindikizaji alisikia, akanyamaza. Mwezi uleule shehe alikuwa na ziara Bagamoyo. Asubuhi ya safari nilikuwa nafua, nikamwona anakuja na kanzu safi na mwavuli, anajifanya anapita tu. Mama mkwe wangu akachukua kata yake. Wakaongozana mpaka kichuguuni bila neno. Aliporudi nilikuwa nimekufa kwa kicheko, naye akanikemea nisimcheke mtu mzima, halafu akaingia ndani na kucheka peke yake mpaka akakohoa.

Hilo nalo lilinichanganya. Alicheka sana mambo ya watu. Bundi akilia watu wakaahirisha safari, yeye alisema, "Bundi naye ana shughuli zake, mnadhani kila siku anawazungumzia nyinyi?" Walimletea unga wa mtama wa kumwaga njia panda, akamwaga kiganja kimoja, uliobaki tukapikia uji. Nilimwambia, "Mama, huo si wa wazee?" Akasema, "Wazee wameshakula kiganja chao. Wao wangapi, na sisi tuna njaa." Sasa mtu wa namna hiyo utasema anaamini au haamini? Mimi nimeshindwa kuamua, na nilikaa naye nyumba moja miaka mingi.

Tena yeye mwenyewe hakuwa msafiri. Mtu aliyejua njia zote, mwisho wake ulikuwa Mlandizi. Hakupanda chombo chochote isipokuwa kama kulikuwa na jeneza ndani yake. Alipofika Mlandizi siku za gulio aliyanyunyizia mabasi maji kwenye magurudumu. Dereva mmoja alimfokea kweli siku ya kwanza, akasema bibi anamharibia gari kwa uchawi. Baada ya muda dereva huyohuyo, asipomwona, aliuliza, "Bibi yangu wa maji yuko wapi leo?" na abiria wakasubiri.

Treni aliidharau. Alisema reli haina njia panda, chombo kinachokwenda kwenye chuma chake hakiwezi kupotea, kwa hiyo anayepanda treni hana haja ya kusindikizwa mbali. Alisema hivyo kwa uhakika mkubwa, na hapo alikosea, maana Ruvu ndipo reli mpya ya Tanga ilipokuwa inachepuka kutoka reli ya kati. Mahali pamoja tu reli ilikuwa na njia panda, na pahali hapo palikuwa nyuma ya nyumba yetu, ukitembea asubuhi nzima.

Mume wangu aliondoka na treni hiyo. Tulikuwa tumekaa pamoja msimu mmoja wa mpunga, hatujajaliwa mtoto. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru na vijana walikuwa wanasikia kwamba mashamba ya mkonge yanataka watu. Mama yake alimsindikiza mpaka kizingitini tu. Akamnyunyizia maji pale mlangoni, akageuka, akaingia ndani. Nilishangaa. Wageni aliwafikisha kichuguuni, mwanawe wa pekee kamwishia mlangoni. Nilipomuuliza alisema, "Aliyemzaa mtu hamsindikizi mbali, atamvuta." Akaongeza kwamba mtu aliyetokea mlango huu atarudia mlango huu, kwa hiyo kazi yetu ni kuuangalia mlango.

Tukauangalia. Mwaka wa kwanza zilikuja salamu kwa mdomo wa watu, mara mbili, kwamba yu mzima. Kisha kimya. Nililima, nilivuna, nilipura, nilikoka moto. Wenzangu niliochezwa nao ngoma walikuwa na watoto wanaochunga mbuzi. Baba yangu alikuja kutoka Gwata kila baada ya mavuno, anakaa barazani, anauliza, "Sasa huyu mtoto wangu ni mke wa nani?" Mama mkwe alijibu, "Ni mke wa mwanangu, baba, mpaka tusikie." Baba akasema kama mume yu hai basi niende nikamtafute hukohuko mkonge, na kama amekufa niambiwe nikae eda nitoke. Hili la katikati alisema haliko kwenye kitabu chochote. Mimi nilikaa nyuma ya mlango nikisikiliza, na sikujua ninamwombea nani ashinde. Nilimtaka mume wangu, kisha nilimchukia, kisha nilisahau sura yake, ikabaki fulana yake na namna alivyokuwa anapiga chafya.

Ndipo ilipokuja Operesheni. Tuliambiwa tutoke huko tulikotawanyika, tuhamie kijiji kipya karibu na barabara, kutakuwa na shule, zahanati na bomba. Wengi walikubali, wengine walinung'unika, lakini malori yalikuja kwa wote. Mgambo walikuwa wanaezua mapaa ili mtu asirudi. Katibu kata alipofika kwetu alimkuta mama mkwe kakaa kizingitini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Chukueni vyungu, chukueni kuku, chukueni na huyu mkwe wangu mumpandishe mbele. Mlango siachi."

Katibu kata hakuwa mtu mbaya. Alijua habari ya mlango, kila mtu aliijua. Akasema mlango utapakiwa pamoja na vyombo. Mama akasema mlango wa mwanawe haupandi lori. Utabebwa, na utakwenda kwa miguu kama alivyokwenda yeye. Wakabishana mpaka jua likawa kali. Mwishowe balozi wetu wa nyumba kumi akawaomba vijana wanne waung'oe na kuubeba, yaishe. Ulikuwa mlango wa mninga, mzito, mume wangu aliuchonga mwenyewe alipotaka kunioa.

Tukaondoka. Vijana wanne na mlango begani, mama mbele na kata yake, mimi nyuma yao, na nyuma yangu majirani waliokuwa wamekosa nafasi kwenye lori. Watu walikuwa wanataniana, mmoja anasema mlango huu ni mzito kuliko bibi harusi wa Mlandizi. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka. Tulipofika kwenye kichuguu mama akasimama. Akageuka, akautazama mlango, akainama kidogo. Akasema kwa sauti ileile ya kawaida:

"Hapa tunaacha njia ya Ruvu. Tunashika kulia. Twende nyumbani."

Kicheko kilikatika kama kilichomwagiwa maji. Kijana aliyekuwa pembe ya mbele alitaka kuachia, mwenzake akamshika. Nilitazama mgongo wa mama mkwe wangu, nao haukutikisika. Alikuwa ameshaanza kutembea. Kisha mzee mmoja nyuma yangu akaanza, polepole, "Laa ilaaha illa Llah." Mwingine akapokea. Vijana wakabadilisha namna ya kubeba, wakaushika mlango kama jeneza linavyoshikwa, wakawa wanapokezana begani. Penye kijito mama akasema, "Hapa tunavuka maji, usiogope." Wanawake wakajifunika kanga vichwani. Mimi miguu ilikuwa inakwenda yenyewe. Nilianza kulia bila kujua nalia nini hasa, na mtu mmoja akanishika mkono, akanishika vile anavyoshikwa mfiwa.

Kila njia panda alitaja. Tulipofika kijiji kipya, mahali palipokuwa na alama za chokaa tu na lori linashusha vyombo, watu waliweka mlango chini kwa adabu. Tukakaa matanga palepale kwenye eneo letu jipya lisilo na nyumba, chini ya turubai, watu wakileta unga na kuni. Shehe alikuja. Alimuuliza mbele ya watu, kwa upole, "Mama, una habari ya mwanao?"

"Nimemleta," alisema.

Shehe alimtazama muda mrefu, akamtazama baba yangu aliyekuwa amefika kutoka Gwata, akasema innaa lillaahi. Nikakaa eda. Nilivaa nyeupe, nikakaa ndani ya kibanda kipya cha makuti, na mama mkwe alinipikia. Alinipikia vizuri mno, samaki wa Ruvu kila alipoweza, hata nikaona aibu.

Tangu siku ile nimebishana na nafsi yangu. Alijuaje? Mama yangu mzazi alisema mama mkwe aliota, wazazi huota. Wengine walisema alipiga ramli. Wengine walisema amechoka tu kungoja, akaamua kuzika anachoweza kuzika. Lakini mimi niliyekuwa ndani ya nyumba niliona mambo yasiyolingana. Mlango aliutia kwenye nyumba mpya, ingawa ulikuwa mpana kuliko tundu lake na ilibidi ukuta ubomolewe. Kama aliyetoka amekufa, mlango wa nini tena? Nguo za mwanawe hakuzigawa. Na siku moja alipita mtu aliyetokea Korogwe, huko kwenye mkonge, nikamsikia mama mkwe anamuuliza kama huko mvua zimenyesha. Nikamtazama. Akaniambia niende nikaangalie maharage.

Baada ya eda akaja mposaji, fundi cherehani wa Kisarawe aliyefiwa na mke. Baba alikubali haraka. Mama mkwe ndiye aliyenitayarishia vyombo. Siku ya kuondoka alinifikisha mpaka barabarani, akaninyunyizia maji, akasoma Fatiha. Hakugeuka kwanza. Kwa mara ya kwanza nilimwona amesimama, basi linaondoka, yeye yuko pale anatazama. Nilifikiri ni uzee umemfanya asahau sharti lake mwenyewe.

Miaka ilipita. Kisarawe nilizaa watoto watatu. Mume wangu wa pili ni mtu mpole, anaimba akishona, na ukimkasirikia anakupimia gauni. Habari za Dutumi nilizipata kwa watu. Nilimpelekea mama mkwe sabuni mara moja ilipopatikana, naye akaniletea mchele. Ilikuwa miaka ya foleni, sukari ilikuwa ya bahati, na watu walikuwa wanafungia vitu ndani kama siri.

Siku hiyo nilikuwa naanika korosho uani. Nikasikia hodi, nikainua kichwa, nikamwona amesimama na kikapu kichwani, vumbi mpaka kwenye nyusi. Peke yake. Nilidondosha ungo.

"Shikamoo, mama! Umekujaje?"

"Marahaba. Kwa basi. Mawili. Hilo la kutoka Dar linanuka."

Mtu asiyepanda chombo bila jeneza. Nikajua kuna maiti mahali. Nikamkalisha, nikampa maji, akanywa yote. Nikamtengenezea chai ya mkandaa, isiyo na maziwa wala sukari, akaishika bila kunywa.

"Amerudi," alisema.

Sikuuliza nani. Naona aibu kusema, lakini jambo la kwanza nililofikiria halikuwa yeye. Nilifikiria watoto wangu. Kama mume wangu yu hai, basi hii ndoa yangu ilikuwa nini, na hawa wanaosoma shuleni sasa hivi ni watoto wa nini?

"Usitetemeke," alisema. "Nimemtaka atamke talaka mbele ya shehe, ametamka, mashahidi wapo. Nimekuja mwenyewe usije ukasikia sokoni. Ana mke na watoto wanne. Kaja nao."

Alieleza kwa ufupi. Walifika mchana, mwanawe amenenepa, kakosa meno mawili. Siku ya kwanza hakumtaja mkewe wa kwanza. Siku ya pili aliuliza shamba la mihogo analilima nani. Hapo ndipo mama yake alipomwambia: "Mkeo nilimwoza mimi."

Nikakaa chini kwenye mchanga, karibu na miguu yake. Nilikuwa na maswali mengi na yote yalikuwa yanasukumana mlangoni.

"Mama, siku ile ya mlango. Ulikuwa unasema na nani?"

Alikinga macho yake na jua. "Na wewe."

"Mimi?"

"Wewe ulikuwa nyuma. Nilisema kwa sauti usikie." Akaendelea kama anayehesabu vyungu. "Kabla ya Operesheni nilimsindikiza kijana mmoja aliyetoka mkonge. Akaniambia, mama, mwanao yu mzima, ana mke, ana mtoto, hataki kusikia habari za Dutumi. Ningekuambia ungefanya nini?"

"Ningemfuata."

"Baba yako angekupeleka kwa mkono wake. Ungekwenda kuwa wa pili kambini, chumba kimoja, mnapikiana moshi. Au ungekataa, ungekaa na mimi unangoja. Ulikuwa umeanza kuzungumza na kuku, mwanangu. Mimi nilikuwa nakuona."

"Kwa hiyo ukasema amekufa."

"Sikusema amekufa." Alikuwa mkali ghafla, mkali wa zamani. "Muulize aliyekuwapo. Nilitaja njia. Lailaha mlipiga nyinyi. Shehe aliniuliza una habari, nikamwambia nimemleta. Mlango si niliuleta?"

Nilimwangalia mama huyu. Nilitaka kumshukuru, kwa sababu nyuma yake cherehani ilikuwa inalia na mume wangu alikuwa anaimba, na maisha yale yote alinipa yeye. Pia nilitaka kumtoa nje na kikapu chake, kwa sababu nilikuwa nimemlilia mtu aliye hai, nimevaa nyeupe, nimekula samaki wake wa Ruvu, na hakuna aliyeniuliza. Mambo hayo mawili yalikuwa ndani yangu kwa wakati mmoja, na bado yamo. Baadaye mume wangu alikwenda kwa shehe wa hapa, tukafungishwa ndoa upya sebuleni, kimya kimya. Wako wanaosema haikuwa na haja na wako wanaosema ilichelewa. Nimeacha kuuliza.

"Na wewe hukuogopa?" nilisema. "Kumtajia njia mtoto aliye hai?"

Hapo uso wake ulibadilika. Sikuwa nimewahi kumwona akilia, hata kwenye matanga yale, na watu walimsifu kwa subira.

"Kila siku," alisema. "Kila siku ya Mungu nilikuwa nasema, leo nimemuua. Akipita mtu wa Tanga namuuliza mvua, siwezi kumuuliza mwanangu. Nilipomwona anakuja nilimshika mikono kwanza, nione kama ina joto. Akasema, mama unanibana. Sikumwachia."

"Yuko nyumbani sasa?"

"Ameondoka jana. Amesema mama aliyemzika hai hana la kuzungumza naye. Kachukua watoto wake, nimewaona siku tatu tu." Akanywa chai yake iliyopoa, yote, akaweka kikombe chini. "Sijui nimefanya nini, mkwe. Nikikutazama wewe naona nilifanya vizuri. Nikiutazama ule uwanja mtupu walipocheza wajukuu, sijui."

Kusema kweli na mimi sijui. Tulikaa hivyo wawili, korosho zimemwagika, hakuna anayeziokota.

Watoto wangu wakaingia kutoka shule, wote watatu, na mifagio yao na kelele zao. Wakamwona mgeni. Wakubwa wakasogea wakaamkia. Yule mdogo, binti yangu asiyepitwa na jambo, alisimama mbele yake na kumkagua kuanzia vumbi la miguuni.

"Mama, huyu ni nani?"

Nilifungua kinywa bila kujua kitakachotoka.

"Bibi yenu," nilisema.

"Bibi mzaa baba au bibi mzaa mama?"

Mama mkwe wangu aliinamisha kichwa. Alikuwa anavuta ncha ya kanga yake, anaivuta na kuiachia.

"Mzaa mama," nilisema.

"Lakini bibi mzaa mama si yuko Gwata?"

"Na huyu pia," nikamwambia. "Mwamkie."

"Shikamoo, bibi."

Akanyoosha mikono yote miwili, akaishika ile midogo, akaifumbata.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema.